Jicho la babu na mashine inayojifunza kuona seli

Nimekuwa kimya wiki mbili, wasomaji wangu. Nilikuwa nyumbani, Kondoa. Safari yenyewe siku hizi si ya kusimulia. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike mwaka 2018, unapanda basi asubuhi na chakula cha mchana unakula kwa mama. Ninachotaka kusimulia ni kilichotokea barazani kwa babu, jioni moja, kati yake na kompyuta yangu.

Babu alikuwa mpima damu. Alianza mwaka 1963 akiwa kijana na akastaafu mwaka 1996. Miaka 33 ameinama juu ya hadubini katika hospitali moja ya kanda hii ambayo sitaitaja. Mwenyewe haiiti hadubini. Anaiita darubini, kama wazee wengi, na ukimwambia kamusi zinasema darubini ni ya kutazama nyota, anakujibu kwamba na yeye alikuwa anatazama nyota, tofauti ni kwamba zake zilikuwa zambarau na ziliua watoto.

Basi jioni ile nilifungua programu moja inaitwa Cellpose. Rafiki yangu anayesomea baiolojia alinionyesha, nami nikaipakua bure pamoja na picha za majaribio. Niliweka picha ya seli za ubongo wa panya, nikabofya, tukasubiri. Kompyuta yangu ni nzee, ikahema kama basi linalopanda mlima. Kisha mipaka ikatokea, kila seli na mstari wake wa rangi.

Babu alisogeza kiti. Ameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, lakini anavyotazama picha utadhani bado yuko kazini. Akaweka kidole kwenye skrini.

"Hapa imekosea, mjukuu wangu. Hizi ni mbili. Imezifanya moja."

Nilitazama. Kweli! Zilikuwa seli mbili zimegusana. Nikafuta mstari, nikachora upya mipaka miwili.

"Sasa itakumbuka?" akauliza.

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Jibu lake ni historia ndefu, na sehemu yake imepita Kondoa.

Tuanzie mwaka 1873. Daktari mmoja wa Italia, Camillo Golgi, aligundua kwamba ukiloweka kipande cha ubongo kwenye kemikali fulani, kisha kwenye chumvi ya madini ya fedha, seli chache tu zinageuka nyeusi na nyingine zote zinabaki bila rangi. Hiyo "chache tu" ndiyo ilikuwa bahati. Ubongo umebanana mno. Ungeona seli zote kwa pamoja usingeona chochote, ni kama kutafuta mti mmoja ndani ya kichaka kizima. Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo mwaka 1887, akaiboresha, akakaa miaka na miaka akichora alichokiona kwa penseli na wino. Kutokana na michoro hiyo alishikilia kwamba ubongo umeundwa na seli zinazojitegemea, tunazoziita nyuroni leo. Golgi alikataa, akasema ni wavu mmoja ulioungana. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, bado wakibishana! Watu wawili, rangi ileile, vioo vya aina ileile, majibu mawili. Kwa hiyo tangu mwanzo ugomvi wa sayansi ya ubongo ulikuwa huu: mpaka wa seli unaishia wapi, na nani wa kusema?

Sasa njoo huku kwetu. Huyohuyo Golgi, miaka ya 1885 na 1886, ndiye aliyeonyesha kwamba homa za malaria zinapanda pale vimelea vinapopasua chembe za damu kwa pamoja. Robert Koch naye alikuja Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 kuchunguza malaria na maradhi mengine. Na rangi ya zambarau ya babu, ile inayotumika mpaka leo kwenye maabara zetu, ilitengenezwa mwaka 1904 na Gustav Giemsa, mtu ambaye kati ya 1895 na 1898 alikuwa mfamasia hapahapa, koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Sikuambiwa shuleni. Nadhani nawe hukuambiwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Kandokando ya Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mgonjwa anaanza na homa, halafu akili inachanganyika, analala mchana, anakesha usiku, mwisho haamki. Mwaka 1902 Mtaliano kijana, Aldo Castellani, alikuwa Entebbe akitafuta bakteria aliyeamini ndiye chanzo. Siku moja, katika maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, akaona kitu kinachojinyonganyonga: kimelea cha tripanosoma. Aliona, lakini bado akaendelea kumshuku bakteria wake! David Bruce alipofika mwaka 1903 ndipo kile kimelea kikapewa uzito, na mbung'o akatajwa kuwa mbebaji. Miaka miwili baadaye Frederick Mott alitazama ubongo wa nyani waliokuwa na tripanosoma, akaeleza seli zilizojaa vifuko kama tunda la forosadi. Mpaka leo zinaitwa seli za Mott.

Naomba uzingatie Castellani. Macho yake yaliona, imani yake ikakataa. Tutarudi hapo.

Mbung'o ndiye aliyeileta habari hii Kondoa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Idara ya Utafiti wa Mbung'o ya Tanganyika ilikuwa na kituo chake hapa Kondoa Irangi, kabla Shinyanga haijawa makao makuu. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Charles Swynnerton. Hapa alikuwepo John Phillips, mwanaikolojia kutoka Afrika Kusini, na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea aliyekusanya majani na maua ya pori letu. Swynnerton alichapisha kitabu kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki mwaka 1936, na miaka miwili baadaye yeye na Burtt wakafa pamoja katika ajali ya ndege. Majina yao yamehifadhiwa, mimea na hata mbung'o wameitwa kwa majina yao.

Lakini nani alikuwa anawakamata hao mbung'o? Vijana wa hapa. Walitembea njia ileile kila siku na nyavu, wanakamata, wanatenganisha dume na jike, wanahesabu. Hesabu zao ndizo zilizojaza majedwali. Baba yake babu alikuwa mmojawapo. Katika karatasi za wakati ule watu kama yeye waliitwa "boi" tu, hata kama walikuwa na watoto watatu nyumbani. Babu anasema baba yake alikuwa anaweza kumjua mbung'o dume akiwa bado anaruka. Labda ni chumvi ya familia. Ila jambo moja si chumvi: sayansi ile ilisimama juu ya macho ya watu ambao majina yao hayapo.

Turuke sasa mpaka kwenye kompyuta.

Kwa karibu karne nzima baada ya Cajal, kuhesabu seli kulibaki kazi ya jicho na mkono. Mwanasayansi mzaliwa wa Afrika Kusini, Sydney Brenner, na wenzake Uingereza walitaka kuchora mishipa yote ya fahamu ya mnyoo mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Nyuroni 302 tu. Kazi ilichukua zaidi ya muongo mmoja ya kufuatilia picha kwa mkono, ikachapishwa mwaka 1986. Mwaka 1997 ikaja ImageJ, programu ya bure ya Wayne Rasband kutoka Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Ilisaidia sana, lakini ilihitaji uiambie: kila chenye mwanga zaidi ya kiwango hiki kihesabu. Uchafu ukiwa na mwanga? Unahesabiwa. Seli mbili zikigusana? Zinakuwa moja. Tabu ileile aliyoiona babu.

Mabadiliko yalianza pale watu walipoacha kuiandikia mashine sheria, wakaanza kuionyesha mifano. Mwaka 2011 Wajerumani wa Heidelberg walichapisha ilastik. Unapaka mstari mmoja juu ya seli, mwingine juu ya pasipo na seli, kompyuta inakisia picha nzima. Ikikosea, unapaka tena pale ilipokosea. Yaani mnazungumza. Kuzungumza huko na mashine ndiko kulikokuwa kupya.

Halafu mwaka 2015, chuo kikuu cha Freiburg, ikazaliwa U-Net, mtandao wa kujifunza kwa kina. Ujifunzaji wa kina, kwa lugha ya barazani, ni tabaka nyingi za hesabu zilizopangwa, kila moja inasoma kazi ya iliyo chini yake: ya kwanza inaona kingo, inayofuata maumbo, nyingine inaona "hii inafanana na seli". Mtandao unapokosea, kosa linarudishwa nyuma na kila tabaka linarekebishwa kidogo, tena na tena. Watu walidhani lazima uwe na mamilioni ya picha. Moja ya majaribio makuu ya U-Net lilikuwa la mishipa ya fahamu ya kiluwiluwi cha nzi wa matunda, na picha za kufundishia zilikuwa 30 tu! Walizipinda na kuzinyoosha kama mpira ili mashine ione sura nyingi za kitu kilekile. Ila picha hizo 30 kuna binadamu aliyekaa akachora mpaka wa kila seli kwanza. Usimsahau.

Cellpose ilitokea mwaka 2020, ikachapishwa rasmi 2021, kazi ya Carsen Stringer, Marius Pachitariu na wenzao wa Janelia, Marekani. Ilifundishwa kwa seli zaidi ya 70,000 zilizochorwa kwa mkono. Namna inavyofanya kazi nilimweleza babu kwa makorongo, na alinielewa haraka kuliko nilivyoielewa mimi. Mtu wa Kondoa anajua makorongo. Ardhi yetu ililiwa na maji mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Sasa fikiri mvua imenyesha juu ya vilima hivi. Kila tone lina mteremko wake. Huwezi kuona mpaka kati ya bonde na bonde kwa macho, lakini ukilifuata kila tone mpaka linakoishia, matone yote yaliyoangukia korongo moja ni ya bonde moja. Cellpose inafanya hivyo. Kwa kila nukta ya picha inakisia mteremko, inaziacha nukta zitiririke, na zile zinazokutana kwenye kitovu kimoja inazihesabu kuwa seli moja.

Toleo la pili, mwaka 2022, ndilo linalojibu swali la babu. Waandishi wake walionyesha kwamba huhitaji kuchora tena makumi ya maelfu ya seli ili mashine ikuelewe wewe na picha zako. Inachora yenyewe, wewe unasahihisha, inajifunza, inachora picha inayofuata vizuri zaidi, unasahihisha tena. Alama 100 hadi 200 za mtumiaji zilitosha kupata matokeo mazuri. Kwa hiyo ndiyo, babu, itakumbuka. Kwa sharti kwamba umeiamuru ijifunze, na kwamba uliyoisahihisha ni kweli.

Na usidhani hizi ni siku za mashine peke yake. Oktoba 2024 ulichapishwa mchoro kamili wa ubongo wa nzi wa matunda jike aliyekomaa, mradi wa FlyWire: nyuroni 139,255. Chanzo chake ni vipande zaidi ya 7,000 vya ubongo wenye ukubwa wa mbegu ya mpopi na picha milioni 21. Akili mnemba ndiyo iliyochora. Kisha watafiti na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakasahihisha, hapa kata, pale unga. Kazi hiyo ya kusahihisha ilikadiriwa kuwa sawa na mtu mmoja kufanya kazi miaka 33.

Miaka 33. Nilipomtajia babu hiyo namba alicheka mpaka akakohoa. Ndiyo miaka aliyokaa na darubini yake.

Sasa nirudi kwa Castellani, na kwa jambo zito kidogo.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa, kisha degedege. Alipelekwa hospitali moja, akatobolewa kidole, jibu likaja: malaria mbili. Unajua tunavyosema, malaria moja, malaria mbili, kama bei ya nyanya. Akatibiwa malaria. Akarudi na homa, akapimwa, malaria moja. Alipokuja kutobolewa mgongo ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii, na la kulia linasikia kwa shida.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanyika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wanatibiwa malaria kali walipimwa upya kwa uangalifu, na waliokuwa na vimelea kweli hawakufika nusu. Mwaka huohuo, kule Blantyre, Malawi, madaktari walitoa matokeo ya uchunguzi wa miili ya watoto 31 walioaminiwa kufa kwa malaria ya ubongo. Ubongo ulipowekwa chini ya hadubini, karibu robo yao walikuwa wameuawa na kitu kingine. Ukweli ulikuwepo kwenye seli. Haukuwa kwenye cheti.

Nilimuuliza babu inakuwaje. Alinyamaza muda, halafu akasema jambo ambalo hajawahi kutuambia. Kanuni, alisema, ni kutazama sehemu 100 za kioo kabla hujaandika hakuna. Foleni ikiwa ya watu 80 na wewe uko peke yako, mia inakuwa ishirini. Tena kuna madaktari walioletewa "hakuna vimelea" wakaja juu: mtoto anachemka, wewe unasema hakuna? "Ukishafokewa mara tatu, mwanangu, unajifunza kuandika moja. Moja haimuudhi mtu."

Akasema na yeye ameandika hizo moja. Si nyingi. Lakini ameandika.

Sikumjibu. Nilimfikiria mdogo wangu anavyogeuza kichwa upande wa kulia ukimwita.

Unaona hatari ilipo? Mashine inajifunza kutoka kwa anayesahihisha. Tukiipa madaftari yetu yote na kuiambia jifunze, itajifunza pia zile moja za kuogopa kufokewa. Itazitoa kwa haraka, kwa rangi nzuri, na hakuna atakayebisha, maana imesema kompyuta. Castellani aliona kimelea akaendelea kuamini bakteria. Sisi tutaamini skrini.

Kazi nzuri imeshaanza jirani. Mwaka 2016 watafiti wa Makerere, Kampala, walichapisha namna ya kufunga simu kwenye hadubini ya kawaida na kutumia mitandao ya kujifunza kwa kina kutambua malaria kwenye damu, kifua kikuu kwenye makohozi na mayai ya minyoo kwenye choo. Dar es Salaam, vijana wa STICLab pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara wameshirikiana na Waingereza wa mradi wa OpenFlexure, hadubini ya plastiki inayochapwa kwa printa na inayosogeza kioo yenyewe. Hadubini tunaweza kuitengeneza na programu ni za bure. Kinachobaki ni mtu wa kukaa na kuonyesha: hiki kimelea, hiki uchafu wa rangi, hizi seli mbili si moja. Watu hao wanazidi kupungua. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vilipoanza kusambaa nchini mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana wengi wa maabara hawana sababu ya kukaa miaka 33 na kioo. Vipimo hivyo vimeokoa maisha, sivilaumu. Lakini jicho kama la babu halipatikani dukani, nalo linastaafu.

Rai yangu ni ndogo. Wanaokusanya picha za kufundishia mashine huku kwetu wawaite hawa wastaafu, wawalipe kwa saa zao, na waandike majina yao kwenye kazi. Kila kioo kisomwe na watu wawili wasioonana, wakitofautiana aitwe wa tatu, na pasiwepo wa kumfokea anayesema hakuna. Baba yake babu alihesabu mbung'o bila jina. Babu alihesabu vimelea, jina lake likaishia kwenye daftari ambalo nadhani lilishaliwa na mchwa. Mara hii tusirudie.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta ameshaamka kabla yangu, amekaa mbele ya kompyuta, miwani puani. Alikuwa amejifunza mwenyewe kubofya kulia na kuanza kuchora mpaka. Alikuwa amesahihisha seli 14, mkono unatetemeka kidogo, mistari imepinda lakini iko mahali pake. Nikamwambia, shikamoo babu, basi linaniacha.

"Marahaba. Ngoja nimalize hii moja," akasema. Halafu akaitazama tena, akaifuta. "Hapana. Hapa hakuna kitu."